Mama Anachelewa Kazini

Kinyozi alifungua kifungo cha juu cha gauni la mama yake. Mama akakifunga. Kinyozi akakifungua tena. Mama akakifunga tena, na safari hii akamtupia jicho kali.

"Mama, umevaa magauni mawili. Tuvue moja. Ona joto lilivyo."

"Nivue niende kazini uchi? Nimechelewa. Watoto wanakuja kula na sufuria haijabandikwa."

"Watoto gani, mama? Ulishastaafu."

"Nani kastaafu?"

"Wewe."

"Muongo wewe," mama akasema, akaenda kushika kitasa cha mlango.

Mama alikuwa mpishi wa shule. Aliianza kazi hiyo kinyozi akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Wanafunzi walimpa jina la Mama Upawa, kwa sababu hakuonekana bila upawa mkononi. Mtoto mjanja aliyerudi kwenye foleni mara ya pili aliujua upawa ule vizuri, maana ulimgusa kichwani.

Alipostaafu alikaa vyema kwa miaka kadhaa. Kisha vitu vikaanza kumpotea. Kwanza funguo. Baadaye majina ya majirani. Halafu njia ya kurudi kutoka dukani, na duka lenyewe lilikuwa linaonekana kutoka mlangoni kwao. Watu walisema ni uzee. Wengine walisema mengine kwa sauti ya chini, na kinyozi akipita wanabadilisha mazungumzo.

Sasa mama alikuwa kiguu na njia. Alitoka chumbani akaenda jikoni, jikoni akaenda mlangoni, mlangoni akarudi chumbani. Alikaa, akainuka kabla kiti hakijapata joto. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jua likianza kuinama ndipo alipozidi. Hapo aliita, alipiga mlango, alilia. Wiki hizo za karibuni hata usiku hakutulia, na kinyozi alilala jicho moja likiwa wazi.

Waliishi wawili tu. Kinyozi hakuwa ameoa. Akiulizwa alijibu kwamba ataoa mwaka kesho, na mwaka kesho huo ulikuwa haufiki. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa ng'ambo ya barabara. Kilikuwa na viti viwili, kioo kikubwa, benchi la wateja na redio. Akiwa ananyoa, aliweza kuuona mlango wa nyumbani kwao ndani ya kioo. Mwanzoni aliona ni bahati. Siku hizi kioo kile kilimtesa. Mkono ulikuwa kwenye kichwa cha mteja, macho yalikuwa mlangoni, roho ilikuwa juu juu.

Asubuhi hiyo alimshika mama mkono, akamrudisha kwenye kiti. Alitoka, akafunga mlango, akaweka kufuli.

"Ni kwa usalama wako, mama," alisema akiwa nje.

Ndani, kitasa kilianza kutikisika.

Adhuhuri simu ililia. Alikuwa dada yake mkubwa. Dada aliishi mji mwingine na familia yake, na alikuwa msimamizi wa ghala. Alizoea kuamrisha watu, wakatii.

"Mama anaendeleaje?"

"Hajambo."

"Anakula mboga?"

"Anakula."

"Usimtilie chumvi nyingi. Na umtembeze. Mtu mzima akikaa ndani viungo vinakakamaa."

Kinyozi aliutazama mlango ndani ya kioo. Ulikuwa unacheza kwenye bawaba zake.

"Sawa, dada."

"Na wewe je?"

"Mimi mzima."

Hivyo ndivyo alivyojibu kila siku. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani mzigo usioubeba wewe utauona mwepesi. Lakini dada angeujuaje uzito, na mwenye kuubeba kila siku anasema ni mwepesi?

Siku moja, mwisho wa wiki, kibanda kilijaa. Benchi lilikuwa halina nafasi. Kinyozi alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa cha mteja, anageukia wa pili, alipogundua kwamba mlango umenyamaza. Kwanza alishusha pumzi. Kisha kimya kile kikamtisha.

Sauti ya mwanamke ikatoka uchochoroni. "Jamani, mama wa watu yuko dirishani huku."

Kinyozi alikimbia na mashine mkononi. Mama alikuwa kwenye dirisha la jikoni. Mguu mmoja ulikuwa ndani, mwingine unaning'inia nje, na gauni limenasa kwenye msumari. Watu walikuwa wameanza kukusanyika.

"Kwani mlango una nini?" akauliza yule mwanamke, jirani wa nyumba ya nyuma.

Macho yote yaligeukia upande wa mlango, penye kufuli. Kinyozi alitamani hata mtu mmoja amtukane.

Alifungua, akaingia, akamshika mama kiunoni ili amrudishe ndani. Mama alipigana. "Niache, mwizi wewe. Niache niende kazini." Kiganja chake kikampata kinyozi usoni.

Kinyozi aliukamata mkono ule. Aliubana kwa nguvu. Akamburuta mama hadi kwenye kiti, akamkalisha kwa kishindo.

"Kaa. Kaa hapo. Nimechoka na wewe."

Mama alikaa. Alikunja mabega na kuinamisha kichwa, kama mtoto anayesubiri fimbo.

Kinyozi aliuachia mkono. Mlangoni kulikuwa na mtu amesimama. Alikuwa yule mteja, kichwa chake upande mmoja kina nywele, upande mwingine hakina.

"Samahani, ndugu," mteja akasema kwa upole. "Sijui nisubiri, au nirudi kesho na kofia."

Kesho yake asubuhi, wa kwanza kuketi kwenye kiti alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Sindano. Alikuwa muuguzi mstaafu. Karibu nusu ya watu wa mtaa ule walikuwa wamepita mikononi mwake, na hata watu wazima wenye ndevu walipokutana naye walijishika nyuma bila kujua. Kila wiki alikuja kunyolewa kipara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, king'arishe."

Kinyozi alianza. Kitasa ng'ambo kilitikisika. Aliinua macho kidogo tu, na wembe ukateleza. Tone la damu likatokea nyuma ya sikio la mzee.

"Kijana," Sindano akasema, "kazi ya kuchoma watu ni yangu. Tusinyang'anyane."

Siku nyingine kinyozi angecheka. Siku hiyo alibaki ameshika wembe hewani. Sindano alijitoa kitambaa shingoni mwenyewe.

"Jana usiku umelala?"

"Kidogo."

"Umekunywa hata chai?"

"Nitakunywa."

"Nilisikia habari za dirisha. Twende nikamsalimu mama yako."

"Mzee, leo hana hali nzuri."

"Ndiyo maana nakwenda leo."

Walipofungua kufuli, mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkoba mkononi. "Mnanichelewesha," alisema.

"Mama, ulishasta..." kinyozi akaanza. Sindano akamgusa bega asiendelee.

"Habari za asubuhi, mama mpishi," Sindano akasema. "Unaelekea kazini?"

"Nimechelewa."

"Pole. Leo mnapika nini?"

Mama alisita. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi haukuja. "Maharage," akasema.

"Yamechambuliwa?"

"Wapi. Wale vijana wa stoo wanajua kuchambua? Wanamwaga tu na mawe yake. Watoto watavunjika meno."

"Hilo ni kweli. Na watoto ni wengi?"

"Wengi mno." Mama alisogea, akakaa. Sindano akakaa karibu naye. "Kuna mmoja shati lake limechanika begani. Huyo nampa kwanza, kabla ya foleni. Kwao hakuna anayempikia. Lakini usimwambie mwalimu mkuu."

"Sisemi."

Mkoba ulitulia mapajani. Mama aliongea habari za kuni mbichi, za kifuniko kilichopotea, za mwalimu aliyekuwa akiomba ukoko. Kinyozi alisimama mlangoni akisikiliza. Habari ya mtoto wa shati lililochanika hakuwahi kuisikia maisha yake yote.

Mama alipoinua mkono kuonyesha ukubwa wa sufuria, mkono wa gauni ulipanda. Alama za vidole zilikuwa zimevilia damu kwenye kifundo cha mkono. Sindano alizitazama, kisha akamtazama kinyozi. Walipotoka uani akauliza.

"Vidole vile ni vyako?"

"Ni vyangu."

"Uliwahi kufanya hivyo kabla ya jana?"

"Hapana. Naapa, mzee."

"Nakuamini. Lakini nikikuacha ulivyo, utarudia. Katika kazi yangu nimeona watu wema kuliko mimi na wewe wakifika hapo. Mtu akichoka kupita kiasi, mkono unatangulia akili. Sasa nisikilize. Ukiona mkono unataka kunyanyuka, hakikisha mama amekaa mahali salama, kisha utoke wewe. Njoo hapa uani. Nawa uso. Hesabu majani ya mti wa jirani ukitaka. Ukirudi utamkuta yupo."

Kinyozi alifuta uso kwa kiganja. "Mzee, mama ana nini? Watu wanasema amerogwa."

"Watu wana midomo. Mama yako ni mgonjwa. Ubongo wake unachakaa polepole, na kumbukumbu mpya ndizo zinazotangulia kufutika. Hospitali wanauita ugonjwa huu dimenshia. Hajarogwa, hana laana, wala hakufanyii ukaidi. Na usiseme ni uzee tu. Wapo wazee wengi wanaozeeka na akili zao timamu."

"Ugonjwa huo una dawa?"

"Ya kuuponya kabisa haijapatikana. Sitakudanganya. Lakini mgonjwa anaweza kuishi siku nzuri nyingi. Siku zake mbaya, nyingine tunamletea sisi wenyewe."

"Mimi namletea?"

"Kwa kutojua. Fikiri. Kichwani mwake yeye ni mfanyakazi, na kazini anasubiriwa. Wewe unamwambia amestaafu. Yeye anasikia nini? Kwamba yeye ni mwongo, au ni mwendawazimu. Kisha unamfungia. Ungekuwa wewe ungetulia?"

Kinyozi alitazama chini. "Kwa hiyo nimdanganye kwamba bado ana kazi?"

"Mimi nilimdanganya? Nilimuuliza tu. Mtu aliyepotea humkemei ukiwa umesimama mbali. Unamfuata alipo, mnatoka pamoja."

Akaendelea, sasa kwa sauti ya muuguzi. "Kwanza, mpeleke hospitali. Nasikia wiki hizi amezidi ghafla. Hilo linanitia shaka. Mtu mzima akipata maambukizi ya njia ya mkojo, au akikosa maji mwilini, au sukari ikiharibika, huchanganyikiwa zaidi. Hata dawa zinazogongana zinaweza. Hayo yanatibika. Beba dawa zake zote wazione. Pili, hiyo kufuli uitoe leo."

"Nikiitoa ataondoka."

"Na moto ukishika huko jikoni?"

Kinyozi hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Aligeuka, akaitazama nyumba kama anaiona mara ya kwanza.

Hospitali ilikuwa kazi. Mama hakutaka kukaa kwenye foleni, alitaka kuipanga. Lakini alipimwa mkojo, damu na sukari, na daktari alimuuliza maswali mengi ya kumbukumbu. Sindano alikuwa amekisia vizuri. Mkojo ulikuwa na maambukizi. Alipewa dawa, na daktari akasisitiza anywe maji ya kutosha mchana. Ule ugonjwa wa ubongo nao daktari aliuthibitisha, akapanga siku ya kurudi.

Mama alipomaliza dozi, usiku ulipungua makali. Hakuacha kutangatanga, lakini sasa alilala, na kinyozi naye akalala.

Kinyozi aliitoa kufuli. Juu ya mlango alifunga kengele ndogo, ili ukifunguliwa aisikie akiwa kibandani. Alizunguka kwa majirani, nyumba kwa nyumba. Aliona aibu, lakini alisema. "Mama anaumwa ugonjwa wa kusahau. Mkimwona barabarani peke yake, msimkaripie. Mwulizeni anapika nini, kisha mniite." Jirani wa nyumba ya nyuma alishona namba ya simu ya kinyozi kwenye ukosi wa kila gauni la mama.

"Siku ile uliniuliza mlango una nini," kinyozi alimwambia.

"Nilikuwa sijui," jirani akasema. "Ungesema mapema, ningekaa naye. Mimi mchana nashinda na redio."

Kisha ikaja siku ya kumpeleka mama kibandani. Sindano alikuwa amesema, "Ana miguu yenye nguvu na mikono yenye kazi, lakini hana kazi. Mpe." Kinyozi alimkalisha kwenye benchi, akamwekea rundo la taulo safi azikunje.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Mama alikunja taulo tatu vizuri kabisa, akazitia kwenye mkoba wake, akasimama kuondoka. Alipozuiwa kwa upole, aliwageukia wateja.

"Foleni," alisema. "Hakuna kusukumana. Mwenye mikono michafu atoke akanawe."

"Kinyozi," akasema mteja mmoja, "hapa ni kwa kinyozi au shuleni?" Wawili wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Kinyozi aliweka mashine chini. Alitaka kumrudisha mama ndani. Lakini mtu mzima mmoja, fundi bomba mwenye tumbo kubwa, alinyanyuka kwenye benchi. Akaenda akasimama mbele ya mama, mikono ameinyoosha mbele ikaguliwe.

"Nimenawa, Mama Upawa," alisema.

Mama aliikagua mikono, kisha akamtazama usoni. "Wewe," akasema, "huwa unarudi mara mbili."

Fundi bomba alijishika kichwa. "Ni kweli. Na alama ninayo mpaka leo."

Kibanda kizima kilicheka, na mama akacheka nao. Yule aliyeanza maneno akaenda kusimama nyuma ya fundi bomba.

Si kila siku ilikwenda hivyo. Siku nyingine mama alizimwaga taulo chini na kuuliza aibu gani hii ya kumwekea nguo za watu. Kinyozi alijifunza kwamba jambo likikataa asubuhi, huenda likakubali mchana. Alijifunza pia kutongoja machweo yamkute. Kabla jua halijaanza kuinama, alimpa mama maji, akawasha taa za nyumba mapema, kisha wakatoka kutembea kuzunguka mtaa.

Jioni moja mama alikataa kurudi. Walikuwa wamefika mbali. Kinyozi alimwambia, "Turudi nyumbani." Mama akasema, "Huko siko nyumbani kwangu," akakaza mwendo. Kinyozi akasema tena, kwa sauti ya juu. Mama akaanza kulia. Watu wakageuka kutazama. Kinyozi alihisi mkono wake ukikaza. Akautia mfukoni. Alisogea pembeni kidogo, bila kumpoteza mama machoni, akampigia Sindano.

"Usitaje nyumbani," Sindano akasema. "Anayoijua yeye huenda ni ya utotoni. Mpe sababu nyingine. Yeye ni nani?"

"Mpishi."

"Basi."

Kinyozi alikata simu, akamfuata mama, akatembea naye sambamba. Baada ya muda akasema, "Mama, njaa inaniuma."

Mama alisimama papo hapo. "Mbona hukusema?" Akamshika mkono, akageuza njia. Walifika nyumbani yeye akiwa mbele.

Jambo moja bado lilikuwa limebaki, na kinyozi alikuwa analikwepa. Sindano alilitaja siku alipokuja kunyolewa.

"Huna ndugu?"

"Ninaye dada. Yuko mbali, ana majukumu yake."

"Anajua hali ilivyo?"

"Anajua mama hajambo."

"Nani alimwambia?"

Kinyozi alisugua wembe kwenye taulo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mimi."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Sindano akasema. "Na hapa wagonjwa wako wawili. Umekonda. Rafiki zako hawakuoni. Ukianguka wewe, mama ataegemea nani? Anayetunza mgonjwa naye anahitaji kutunzwa. Usidhani ni anasa, ni sehemu ya matibabu ya mama."

Adhuhuri dada alipiga kama kawaida. "Mama anaendeleaje?"

Kinyozi aliomba radhi kwa mteja, akatoka nje. "Mama ni mgonjwa, dada. Amekuwa hivyo kwa muda mrefu. Hanijui siku nyingine. Na mimi si mzima. Nilimuumiza mkono."

Kelele za ghala upande wa pili zikafifia, kama dada amefunga mlango.

"Ulimfanya nini?"

Akaeleza yote, kufuli, dirisha na vidole.

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ya dada ilikuwa imepanda. "Nakupigia kila siku. Kila siku nakuuliza."

"Uliniuliza habari za chumvi."

Dada alikata simu. Siku mbili hakupiga. Siku ya tatu alishuka mlangoni na begi, uso umevimba kwa safari na kwa kulia, na kengele ya mlango ikamshtua.

Usiku ule ndugu hao waligombana jikoni kwa sauti ya chini. Dada alisema amefichwa. Kinyozi alisema ameachwa. Wote walikuwa na haki, kwa hiyo hakuna aliyeshinda. Asubuhi dada alimsukuma kinyozi nje. "Nenda kazini. Leo mama ni wangu."

Kufika adhuhuri dada alikuwa ameishiwa nguvu. Alikuwa amemwambia mama, "Mimi ni binti yako." Mama akajibu, "Binti yangu ni mdogo, yuko shule." Alikuwa amerudia na kurudia, mpaka mama akamwamuru atoke nyumbani mwa watu. Kinyozi alimkuta dada amekaa kwenye ngazi ya uani, kitambaa mdomoni.

"Nilikuwa natoa maagizo kwa simu kama redio," dada alisema. "Redio nayo haiulizi kama msikilizaji amekula."

Kinyozi alikaa karibu naye. "Usimwambie wewe ni nani. Muulize huyo binti yake yukoje."

Dada alifuta uso, akaingia. Kinyozi alimsikia akiuliza. Kisha akamsikia mama akieleza, kwa sauti ya majivuno, kwamba binti yake ni mkaidi lakini ana akili, na kwamba atakuja kuwa mkubwa wa watu. Dada alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Walipanga mambo, na safari hii hawakufichana. Dada aliomba kazini kwake, akawa anakuja kila mwisho wa mwezi na kukaa siku kadhaa. Wakati hayupo alipiga simu kwa kinyozi, akauliza habari zake kwanza. Jirani wa nyumba ya nyuma alikuja mchana na maharage yake mwenyewe. Alikaa na mama mkekani wakiyachambua, na mama alimkosoa kwa kila jiwe. Sindano aliwakutanisha na watu wengine waliokuwa na wagonjwa kama huyo nyumbani. Walikutana kwenye chumba cha zahanati, wakaongea, na kinyozi alishangaa kuona kwamba kumbe kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Mama hakupona. Maneno yaliendelea kumpotea, na zipo siku alizunguka nyumba nzima bila kujua anatafuta nini. Lakini alama za mkononi zilifutika, na hazikurudi. Alikula vizuri, alinenepa kidogo, na majirani walianza tena kumwita kwa jina.

Siku moja ya mapumziko, dada akiwepo, kinyozi alikwenda kutazama mpira. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu mama augue. Kipindi cha kwanza hakuona kitu. Aliinuka, akakaa, akatazama simu. Mwishowe akapiga.

"Mama yuko salama?"

"Yuko salama. Ukinipigia tena sipokei," dada akasema.

Kipindi cha pili aliuona mpira. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alirudi jioni na vumbi hadi magotini. Taa za nyumba zilikuwa zimewaka. Mama alikuwa mezani na dada, wanamenya viazi. Alimtazama kinyozi kuanzia miguuni.

"Umetoka wapi na vumbi hilo?"

"Mpirani, mama."

"Nani kashinda?"

"Sisi."

"Afadhali," mama akasema, akamsogezea kiti. "Kaa ule."

Kinyozi alikaa. Mama alimenya kiazi kimoja, akakiweka kwenye maji, akainua macho.

"Umetoka wapi na vumbi hilo?"

"Mpirani, mama," kinyozi akasema, na akavuta kiti karibu. "Tumeshinda. Ngoja nikwambie goli lilivyoingia."